Karatasi yasema nimepata nafuu, mume wangu asema niko vilevile

Swali

«Docta, jambo. Nina miaka 34, ninafanya kazi kwenye biro ya wakala wa forodha hapa Lubumbashi. Dosye za malori yanayopita Kasumbalesa ndizo zinazonipa bukari. Mwaka jana waliniambia nina TDAH, ule ugonjwa wa kukosa umakini na utulivu. Tangu mwezi wa kwanza ninakunywa metilfenidati, miligramu 10 saa moja asubuhi na 10 saa sita mchana. Kila mwezi daktari ananipa karatasi ya maswali 18 nijaze mwenyewe, majibu ni kuanzia "kamwe" hadi "mara nyingi sana". Mwezi wa kwanza nilipata alama 52, mwezi wa nne 31. Daktari amefurahi. Mume wangu anasema tunatupa pesa, maana nyumbani niko vilevile: namkatiza maneno, nasahau sufuria motoni, nafungua kabati na kuliacha wazi. Mimi mwenyewe sijui nimwamini nani. Je, mtu anaweza kujipima ugonjwa wa kukosa umakini kwa karatasi inayotaka umakini?» — Mama wa Kampemba

Jibu

Jambo Mama. Sentensi yako ya mwisho nimeisoma mara mbili, nikacheka, kisha nikaona si ya kuchekwa. Nitaifikia. Kwanza nikutoe kwenye kesi ya nyumbani: wewe hudanganyi, na mume wako hadanganyi. Mnatoa ushahidi wa saa tofauti.

Fuata saa pamoja nami. Kidonge cha kawaida cha metilfenidati, kile ambacho hakikutengenezwa kutoa dawa polepole, huanza kufanya kazi ndani ya nusu saa hadi saa moja, na nguvu yake hukaa kama saa tatu hadi nne. Cha asubuhi kinaisha karibu saa tano. Cha saa sita kinakufikisha saa tisa, pengine saa kumi. Saa kumi na moja unatoka biro, unagombania taksi-basi, unafika nyumbani saa kumi na mbili na ushei. Mume wako anakupokea wakati dawa imeshaaga zamani. Tena kuna watu ambao dawa ikiwatoka mwilini dalili huwarudia kwa kishindo kwa muda, wakawa wepesi wa hasira na maneno kuliko hata kabla ya kuanza tiba. Biro wanakula nyama ya siku yako, yeye anabakiziwa mifupa, kisha anaulizwa chakula kilikuwaje.

Karatasi nayo haiulizi saa. Inauliza «mara ngapi», na mtu akiulizwa hivyo kichwa chake humpeleka pale tatizo lilipokuwa likimuuma zaidi. Kwako nahisi ni biro. Kwa hiyo 31 yako huenda ni alama ya mchana, na lawama ya mumeo ni alama ya jioni. Zote mbili ni za kweli, na daktari anazihitaji zote, ila zisichanganywe kwenye sufuria moja.

Sasa karatasi yenyewe. Maswali 18 yenye majibu matano: nadhani ni ile iliyotayarishwa chini ya Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa mwaka 2005, inayofupishwa ASRS. Kila jibu ni 0 hadi 4, kwa hiyo jumla ya juu kabisa ni 72. Maswali sita ya kwanza ndiyo hasa ya kuchekechea. La kwanza linauliza kama unapata shida kumalizia vipande vya mwisho vya kazi baada ya sehemu ngumu kwisha, la sita linauliza kama unajisikia kusukumwa ufanye mambo, kana kwamba mota inakuendesha. Karatasi hiyo ilizaliwa iwe chekeche: kusaidia kujua nani apelekwe kwa daktari akachunguzwe vizuri. Baadaye sisi madaktari tukaipa kazi ya pili, ya kufuatilia tiba. Si kosa, lakini soma maelezo yaliyo juu ya maswali. Kwa kawaida yanakutaka ueleze miezi sita iliyopita. Ukiyafuata neno kwa neno, karatasi yako ya mwezi wa nne inabeba ndani yake hata siku za kabla ya kidonge cha kwanza. Najua hukuijibu hivyo. Ulijibu ulivyojisikia wiki ile. Lakini labda mwezi wa kwanza ulijibu kwa miezi sita na mwezi wa nne kwa wiki moja, na hapo unalinganisha gunia na debe. Mwombe daktari mkubaliane: kuanzia sasa, «siku saba zilizopita», iandikwe kwa kalamu pale juu, na iwe hivyo kila mara.

Kushuka kutoka 52 hadi 31 si kitu kidogo. Ni pointi 21, yaani kama asilimia 40, na katika majaribio mengi ya dawa hizi mgonjwa aliyeshuka asilimia 30 huhesabiwa kuwa ameitikia tiba. Hata hivyo sikushauri uishangilie yote. Watu hawaji kwa daktari wiki wanapojisikia vizuri. Wanakuja maji yakishazidi unga. Alama ya kwanza ilichukuliwa ukiwa katika hali mbaya kabisa, na hata bila dawa, alama ya pili ingeshuka kidogo yenyewe. Sehemu ya zile pointi 21 ni ya dawa, sehemu ni ya kushuka huko. Kiasi gani? Karatasi peke yake haiwezi kukwambia.

Halafu kuna jambo ambalo halimo katika maelekezo ya karatasi yoyote niliyopewa, na sisi wa Kiswahili tunalijua tangu utotoni. Mtu akikuuliza habari, unajibu nzuri. Hata ukiwa msibani. «Habari ya nyumbani?» «Nzuri, ila mtoto amelazwa.» Nzuri kwanza, mtoto baadaye, na kama muulizaji anatembea haraka, mtoto hatajwi kabisa. Sasa mgonjwa anapewa karatasi na daktari aliyemhangaikia, dawa amepata kwa shida, foleni nje ni ndefu. Kalamu yake inaamkia. Inaandika «mara chache» kama ambavyo mdomo ungesema «nzuri».

Nilijifunza hili kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikimfuata mwalimu mmoja wa sekondari, mtu mpole, nadhifu. Kila mwezi alama zake zilishuka kama ngazi, na mimi nilizichora kwenye dosye yake kwa kalamu nyekundu, nikajiona fundi. Mwezi wa tano akawa anatafuta karatasi yake ya farmasi ndani ya begi. Begi likamwagika. Zikatoka karatasi za mtihani wa wanafunzi, rundo zima, za muhula uliopita, hazijasahihishwa. Nikamuuliza taratibu: swali la kwanza hapa, kumalizia kazi, umejibu «mara chache tatizo». Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. «Docta, kichwa kimetulia sasa. Zamani kulikuwa na soko humu ndani.» Hakunidanganya. Nilimuuliza kuhusu kichwa, kikatulia. Kuhusu rundo la karatasi hakuna aliyemuuliza.

Dawa hizi zina tabia hiyo: zinaweza kumfanya mtu ajisikie anafanya vizuri kuliko anavyofanya. Hata historia ya dawa unayokunywa ilianza na ripoti ya namna hiyo. Aliyeiunda mwaka 1944 ni Leandro Panizzon, mkemia wa kampuni ya Ciba kule Basel, Uswisi. Inasimuliwa kwamba mkewe Marguerite, aliyeitwa Rita, aliijaribu akaona anacheza tenisi vizuri zaidi, na jina Ritalin likatoka kwake. Simulizi halisemi nani alihesabu pointi.

Je, wenye TDAH hawajioni? Kuna utafiti unaotajwa sana. Russell Barkley na wenzake huko Milwaukee, Marekani, waliwafuatilia watoto wenye tatizo hili mpaka wakafika umri wa karibu miaka 21, wakachapisha matokeo mwaka 2002. Vijana walipoulizwa wenyewe, waliohesabiwa kuwa bado nalo walikuwa asilimia 5. Wazazi walipoulizwa kuhusu vijana walewale, ikawa asilimia 46. Mtu akikuonyesha namba hizo anaweza kukushawishi utupe karatasi jalalani. Usikubali haraka. Vijana wale waliletwa na wazazi wao tangu utotoni. Wewe umejileta mwenyewe ukiwa mtu mzima, kwa sababu unajiona. Hiyo si hali moja.

Na upande wa pili upo. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2025 katika jarida la Lancet Psychiatry ulikusanya majaribio 113 ya tiba za TDAH kwa watu wazima, ukatenganisha alama ambazo wagonjwa walijipa na zile walizopewa na waganga. Kufikia wiki ya 12, dawa za kuamsha ubongo, ambamo yako imo, pamoja na atomoksetini, dawa ya kundi jingine, zilishinda kidonge cha bandia kisicho na dawa ndani, kwa pande zote mbili. Tiba ya mazungumzo ya kurekebisha fikra na mazoezi ya utulivu zilionekana kwenye alama za waganga, lakini kwenye alama za wagonjwa wenyewe hazikuonekana. Tazama: hapo mgonjwa ndiye aliyekuwa mgumu kuridhika, mganga ndiye mwepesi. Kwa hiyo mimi siamini kwamba mgonjwa ni shahidi mbaya. Ni shahidi ambaye anaulizwa vibaya.

Tena kuna mambo ambayo ni yeye tu anayeyaona. Ule mhangaiko wa ndani, mwili umekaa kwenye kiti na roho inakimbia, mume haoni. Nguvu unayotumia usikatize maneno ya bosi, hakuna anayeiona, wanaona tu kwamba umenyamaza. Na mume naye ni mpimaji mwenye macho yake: siku amechoka, siku mmegombana kwa ajili ya ada ya shule, kabati lililoachwa wazi linakuwa kubwa kama geti.

Basi nikujibu swali lako la mwisho. Ndiyo, unaweza kujipima, mradi karatasi isikutegemee kukumbuka. Kukumbuka ndiko kuliko na hitilafu. Kuona na kuandika papo hapo hakuna shida kubwa. Nunua daftari dogo la kuingia kwenye mkoba. Telefone pia inafaa, ila nakuonya, ukiifungua kuandika mstari mmoja utatoka humo baada ya nusu saa ukiwa umetazama video za harusi.

Chagua vitu vitatu tu vya kuhesabu, viwili vya biro na kimoja cha nyumbani, na uvichague leo, kabla hujajua vitaonyesha nini. Viwe vitu ambavyo hata mtu mwingine angevihesabu. «Nilikuwa makini» hakihesabiki. Dosye zilizofungwa siku hiyohiyo zinahesabika. Zilizorudishwa kwa sababu namba ya kontena imekosewa zinahesabika, na bora zaidi, biro yako tayari inaziandika bila kukuuliza unajisikiaje. Ukurasa mmoja ungekuwa hivi:

Jumatano. Dawa: saa 1:10, saa 6:45, nilichelewa, mkutano. Dosye za kufunga 3, zimefungwa 2. Zilizorudishwa 0. Chakula cha mchana nusu. Usingizi wa jana saa 5, umeme ulirudi usiku nikaamka kupiga pasi. Jioni saa 12 hadi 3: maharage yaliungua, mara 1.

Haichukui dakika mbili. Na angalia inavyosema. Ile dosye moja iliyobaki huenda si ya dawa kushindwa. Kidonge cha pili kilichelewa, na ulilala kwa saa tano tu kwa sababu hapa kwetu umeme ukirudi saa nane za usiku ndipo nyumba nzima inaamka kufanya kazi. Mtu yeyote asiye na TDAH, akilala kwa saa tano tu wiki nzima, akijaza karatasi ile atapata alama za kutisha. Malaria inafanya hivyohivyo, na siku za mwisho wa mwezi dosye zinapojaa, na kwa wanawake wengi siku chache kabla ya hedhi. Ukiwa katika hali hizo usiache kuandika, weka alama ndogo pembeni. Ukishakuwa na kurasa kama thelathini, wewe na daktari mtaona kwa macho kama siku mbaya zinafuata dawa au zinafuata usingizi.

Siku ukikosa dawa kabisa, iandike pia. Metilfenidati ni dawa inayodhibitiwa kwa mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971, na kwetu hapa kuipata kila mwezi bila kukatika ni bahati. Siku hizo za kukosa zinauma lakini zina faida moja: zikilinganishwa na siku za dawa, biro palepale, kazi ileile, zinaonyesha tofauti ambayo hakuna karatasi ya alama inayoweza kuionyesha. Sikwambii uache dawa makusudi ili ujaribu. Kama daktari ataona inafaa kupanga siku za kupumzika, apange yeye.

Andika na madhara, maana karatasi ya maswali 18 haina hata swali moja la madhara; unaweza kushuka hadi 10 huku unakonda kama fimbo. Hamu ya chakula, usingizi, moyo kwenda mbio. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2018 unataka tansio, yaani shinikizo la damu, na mapigo ya moyo vipimwe kila dozi inapobadilishwa na kila baada ya miezi sita, na kwa mtu mzima uzito kila baada ya miezi sita. Farmasi nyingi hapa mjini watakupima tansio. Iandike pamoja na saa uliyopimwa. Kwa chakula, wanaopoteza hamu mchana wengi hufanikiwa wakila vizuri kabla ya kidonge cha asubuhi na tena jioni kikishaisha. Bukari ya jioni iwe ya kweli. Lakini kifua kikikubana, ukizimia, ukianza kusikia sauti au ukaingiwa na mawazo ya kujidhuru, usisubiri tarehe ya karatasi. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mume wako umpe karatasi yake, ndogo, mistari minne: nimekukatiza maneno mara ngapi jioni hii, sufuria, kabati, ahadi niliyosahau. Ajaze peke yake Jumatano na Jumamosi, bila kuona yako, na wewe usiione ya kwake mpaka siku ya daktari. Usimwulize «unaona nimebadilika?», hilo ni swali la mapenzi, litajibiwa kwa mapenzi au kwa hasira. Na mwambie wazi jambo la saa: kwamba anakupokea dawa ikiwa imekwisha. Nimeona ndoa ambamo daftari liligeuka mahakama, kila mmoja akisoma ukurasa wa mwenzake kwa sauti mbele ya shemeji. Likianza kuelekea huko, mnyang'anye kalamu, na wewe weka yako chini, mje wote wawili kwa daktari na midomo tu.

Kwa daktari, sidhani cha kwanza kumwomba ni dozi kubwa. Kama mchana kweli uko vizuri, kuongeza miligramu za asubuhi hakutafika jioni. Kutakupandisha tansio tu. Swali la kumpelekea ni la urefu: dawa ifike hadi saa ngapi? Anaweza kufikiria dozi ndogo ya tatu alasiri, akipima hatari ya kukunyima usingizi, au kidonge kinachotoa dawa polepole, vingine vikifanya kazi saa 8 hadi 12, kama kitapatikana. Hicho cha polepole hakitafunwi wala hakivunjwi. Anaweza pia kusema jioni tuiache bila dawa, tuweke saa ya kengele jikoni, na mumeo ashike maharage. Sioni ubaya wa jibu hilo.

Kabla hujaingia kwake, mwombe mjaze upya karatasi ya mwezi wa kwanza, kwa kumbukumbu: «nikitazama nyuma sasa, wakati ule nilikuwaje?» Wengi wakishapata utulivu ndipo wanagundua kelele ilikuwa kubwa kiasi gani, na ile 52 inakuwa 60. Wengine inashuka. Namba hiyo haiendi kwenye hesabu, lakini mazungumzo yanayofuata huwa ya maana kuliko hesabu yenyewe. Chukua na kopo la vidonge, hesabu vilivyobaki ulinganishe na tarehe. Na daktari akikuuliza habari, usijibu kwanza. Fungua daftari kwenye ile Jumatano.